Kaluvu Isiyo na Mwenyewe

Wote, Makueni
12 Januari 2025

Babu,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Susu, na mbuzi pia, hata yule beberu aliyenipiga pembe Krismasi. Sisi huku tuko wazima. Shangazi Kanyiva anaendelea na duka lake la vitambaa. Mutindi wake alirudi bweni Jumatatu. Sasa yuko Kidato cha Nne na hataki kuitwa mtoto, ingawa serikali imemwita hivyo kwa maandishi. Matokeo yangu ya mtihani yametoka, nimepata B. Nilifurahi kwa muda wa kumeza chai, kisha nikakumbuka.

Najua utashangaa kuandikiwa barua siku hizi. Simu yangu iko kwa polisi, inaitwa kielelezo, kwa sababu ndani kuna picha ya Mutindi amekumbatia dumu akicheka. Na simu ya huko nyumbani ni ya Susu, ambaye hasikii mpaka aweke spika, na akiweka spika hata jirani wa tatu anaitikia salamu. Kwa hivyo bahasha hii nimempa Abdulkadir wa lori la ndengu. Ameahidi kuiweka mkononi mwako, si mwa mtu mwingine.

Babu, sijui uliambiwa nini, nitaanza mwanzo. Nyinyi wazee mlikuwa mbele kwenye gari la kanisa na kreti za soda. Mimi na Mutindi tulikuwa nyuma kwenye pikapu pamoja na mbuzi wa kumchumbia Yvonne kwenye ntheo ya ndugu yangu Mbuvi, na yale madumu mawili ya kaluvu, pombe yetu ya asali, chini ya magunia, maana babu yake Yvonne alisema wazi kwamba mjukuu wake hatachumbiwa kwa soda. Karibu na Kabati polisi wakatusimamisha. Afande akagonga dumu akauliza ni nini. Nikasema vile ulivyonifundisha: "Ni uji wa kanisa, afande."

Akafungua kifuniko. Uji ukamrukia kifuani.

Akajipangusa, akaniuliza, "Na huu uji, umeokoka?"

Wenzake walicheka sana. Na mimi nikacheka, nikidhani tumekuwa marafiki. Akauliza umri wangu. Nikatoa kitambulisho changu kipya, Babu, nilikuwa najivunia, hakijapata hata mkwaruzo. Akakisoma, akasema, "Karibu utu uzima." Kisha akamwinamia Mutindi akanusa. Wewe mwenyewe ulimpa kikombe tulipokuwa tunaondoka, vile msichana wa nyumba yetu huonja kaluvu kabla haijavuka lango. Dereva alisema yeye amekodiwa kubeba mbuzi tu. Akaachiliwa pamoja na mbuzi. Mbuzi walifika kwenye ntheo. Sisi hatukufika.

Mutindi alikabidhiwa kwa Shangazi. Mimi nililala selo mpaka Jumatatu, watu wengi na ndoo moja. Kuhusu ndoo sitaandika. Nimeshtakiwa mambo mawili: kupatikana na pombe bila leseni, na kumpa pombe mtoto wa chini ya miaka kumi na minane. Huyo mtoto ni Mutindi, aliyezaliwa mwaka mmoja nyuma yangu na ambaye ananishinda kupigana.

Kesi inatajwa Kitui tarehe sita Februari. Nikipatikana na hatia, chuo cha uuguzi hakitanichukua. Wanataka barua ya polisi ya tabia njema. Na hiyo ni kama sitafungwa. Nauliza tu, Babu: utakuja?

Mjukuu wako,
Kimeu


Nuu
26 Januari 2025

Kwa mjukuu wangu Kimeu,

Nakuamkua kwa jina la Bwana. Barua yako nimeipata. Abdulkadir alinipa nyuma ya ghala akitazama huku na huku kama muuza bangi, na yeye hata sigara hajawahi kushika. Akasema, "Mzee Ndeti, pombe mimi sibebi, lakini habari zake nitabeba."

Mvua ya Desemba ilituacha njiani. Ndengu zimejaa nusu, mtama umesimama kwa ukaidi tu. Goti langu la kushoto linatabiri jua zaidi. Beberu anakusalimu kwa njia anayoijua. Hongera kwa B. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kupata B. Mimi nilipata darasa la nne na fimbo.

Susu wako ni mzima. Nilimwambia mlikamatwa kwa kukosa kibali cha kusafirisha mbuzi. Sikupenda kumsumbua. Ameliweka jambo hilo kwenye maombi ya kina mama ya Jumatano, na sasa wanawake wote wa kanisa letu wanaombea kibali cha mbuzi. Nimewasikia. Wanaomba kwa nguvu sana.

Sasa hilo jambo lingine. Mimi naona ukiri tu. Hakimu humpenda mtu asiyempotezea asubuhi. Watakutoza faini, nitauza ng'ombe, tutasahau. Baba yangu alifungwa mara tatu na wakoloni kwa sababu ya kaluvu, na akazikwa mtu wa heshima. Wewe ni kijana, aibu ya kijana hukauka haraka.

Kuhusu swali lako la mwisho nilitaka kukueleza vizuri, lakini karatasi imeisha.

Babu yako,
Ndeti


Wote
9 Februari 2025

Babu,

Habari za huko? Huku maembe yamekwisha na joto limebaki. Shangazi alisoma barua yako kabla yangu, akaikunja ilivyokuwa, akaenda jikoni. Hajakutumia salamu. Si kwamba amesahau.

Karatasi yako haikuisha. Niliigeuza, nyuma hakuna kitu.

Nilisimama kortini tarehe sita. Mbele yangu alikuwa kijana wa Kanyangi, rika langu, aliyekamatwa akimnunulia bia msichana wake wa miaka kumi na saba. Alikiri, kama unavyonishauri. Hakimu akamuuliza anafanya nini maishani, akasema anangoja kuandikishwa jeshi. Hakimu akaandika kitu kirefu, akasoma kitu kifupi. Yule kijana akatugeukia sisi tuliokuwa kwenye benchi akauliza, "Kwani ndio imeisha?" Bado alikuwa anatabasamu. Askari akamshika kiwiko akamteremsha selo.

Nilipoitwa, nilishika ukingo wa kizimba. Nilisema si kweli, yote mawili. Sauti yangu sikuitambua.

Nimepewa wakili wa bure. Anaitwa Salama, wa hapo Kitui mjini, na anaongea Kiswahili kizuri mpaka karani anaogopa kumjibu. Alinisikiliza yote, mpaka ya uji. Halafu akasema, "Kimeu, korti haijui pombe iliyojipika. Lazima iwe na mwenyewe. Mwenyewe asipopatikana, wewe unatosha."

Nikamwambia mwenyewe yupo.

Akaweka kalamu juu ya karatasi akangoja jina. Babu, nilikohoa. Akangoja. Nikakohoa tena. Akasema, "Ukipona hicho kikohozi, njoo."

Kuna jambo lingine. Upande wa mashtaka watamwita Mutindi awe shahidi wao. Ataulizwa nani alimpa kikombe. Nikifungwa kwa hilo la kumpa mtoto pombe, si miezi, ni miaka. Bondi aliyoniwekea Shangazi inasema nisitoke Makueni ila kwenda kortini, kwa hivyo siwezi kuja Nuu kukaa mbele yako. Njoo wewe.

Kimeu


Nuu
2 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Usidhani nimenyamaza. Abdulkadir alipita, lakini siku hiyo nilikuwa na mbuzi anazaa. Alipita tena, siku hiyo nilikuwa na mkutano wa paa la kanisa. Amezaa mapacha. Paa bado.

Huku hakuna mvua na hakuna habari. Susu amenunua leso mpya na anasema akikuona atakupa ile ya zamani ufungie vitabu vya chuo.

Nimefikiria mambo yako kila siku. Nilimuuliza mtu mmoja anayejua sheria kidogo, bila kutaja jina, kwamba mzee akimpa mtoto wa nyumba yake kikombe cha mila, hufanywa nini. Alinitajia miaka. Nikamuuliza kama ni ya pamoja na likizo. Hakucheka.

Wewe ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki siku niliposimama mbele ya kanisa nikavunja kitete cha baba yangu, kibuyu alichonyweshea wazee kaluvu. Watu waliimba. Mchungaji alilia. Tangu siku hiyo mimi ni mzee wa kanisa, na nikipita njiani vijana huficha chupa. Watu hao hao wakisikia nilikuwa nyuma ya ghala na asali na matunda ya miatine, nikichachusha kwa ajili ya Mbuvi, sijui nitapita njia gani kwenda dukani.

Nimewaza hivi. Mutindi ni mtoto, na watoto husahau. Siku hiyo palikuwa na watu wengi na vikombe vingi. Akisema hakumbuki, atakuwa amemkosea nani? Zungumza naye polepole. Usimwambie nimesema mimi.

Ndeti


Wote
9 Machi 2025

Babu,

Tuko wazima.

Mutindi alikuja nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Nilimsomea barua yako yote, pamoja na mahali uliposema nisimwambie. Akauliza, "Babu anataka niape halafu nidanganye?" Nikasema sijui Babu anataka nini. Akasema, "Basi mwambie mimi nakumbuka vizuri. Nakumbuka mpaka kofia."

Anasema polisi walipotushusha, gari la kanisa lilikuwa halijafika mbali. Lilisimama pale juu ya mlima. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na kofia ya kahawia yenye unyoya wa kanga. Ikageuka upande wetu. Halafu gari likaondoka.

Mimi sikuona chochote. Nilikuwa nimelazwa kifudifudi. Kwa hivyo sikuulizi.

Shangazi alisikia hayo akiwa anakata kitambaa cha mteja. Alikata vibaya, na yeye hakati vibaya.

Upande wa nyuma wa karatasi hii nimeuacha mtupu, kama utapungukiwa.

Kimeu


Wote
30 Machi 2025

Babu,

Natumaini nyote mko salama, na mapacha wa mbuzi wanaendelea. Abdulkadir anasema alikupa barua yangu mkononi na kwamba uliiweka ndani ya kofia ukaondoka.

Kesi itasikizwa Alhamisi tarehe ishirini na nne Aprili. Chuo kimeniandikia. Wamenikubali. Barua ni nzuri, ina muhuri, na mwisho kabisa wanakumbusha ile barua ya tabia njema. Nimeiweka chini ya godoro, siwezi kuitazama wala kuitupa.

Gari lolote likisimama nje ya duka, naingia stoo. Juzi lilikuwa la kuuza mkate. Shangazi alinipata nimekaa nyuma ya mabunda ya vitambaa, akanipa chai hapo hapo, hakusema nitoke. Nikiosha vyombo najikuta nasema "ndiyo mheshimiwa, hapana mheshimiwa." Yule kijana wa Kanyangi namwota bado anauliza lile swali lake, na kwenye ndoto mimi ndiye ninayejua jibu.

Salama ameniuliza tena jina la mwenyewe. Aliniambia ukweli: nikilitaja, polisi watakwenda kumchukua huko alipo, mbele ya watu wake. Nisipolitaja, niende na nguo za kubadilisha.

Nina hofu mbili, Babu, na zinapigana. Moja ni kwamba nitafungwa. Nyingine ni kwamba siku hiyo, nikimwona askari anakuja kunishika kiwiko, nitalisema jina lako kabla wewe hujalisema. Wewe na Susu ndio mlionilea tangu baba afe. Sijui nitaweza kukaa tena kwenye meza yenu baada ya hapo. Tafadhali usiniachie mimi kazi hiyo.

Kimeu


Nuu
17 Aprili 2025

Kimeu, mjukuu wangu,

Mvua imenyesha. Si ya kutosha, lakini imefanya mlango wa ghala uvimbe, kwa hivyo tunajua ilikuwa ya kweli. Pacha mmoja alikufa. Susu ana afya. Haongei nami. Anaongea na mbuzi, na mimi nasikiliza.

Nikueleze. Yale maombi ya kibali yalijibiwa. Mama mmoja wa Jumatano ana kijana anayefanya kazi ofisi ya mifugo, na kwa huruma akamtuma akaitafute kesi yetu amalize mambo kimya kimya. Kijana akatafuta. Hakuna kesi ya mbuzi. Akauliza kortini, na huko akaonyeshwa kesi ya nini. Akamwambia mama yake, na mama yake akawaambia kina mama wenzake ili waombe vizuri zaidi.

Jumapili ya Matawi baada ya ibada tukaitwa wazee ofisini. Mchungaji akasema kijana Kimeu, kwa ulevi na kwa kumharibu binti mdogo, atengwe na meza ya Bwana. Huo ndio utaratibu wetu, wazee wote lazima wainue mkono. Wenzangu waliinua. Kisha wakanitazama kwa upole, vile watu humngoja mzee avuke barabara. Walijua ni vigumu kwangu. Walikuwa tayari kunipongeza.

Mkono wangu ulikuwa juu ya goti. Niliutazama. Niliona ndio uliotia miatine kwenye asali, na ndio uliompa Mutindi kikombe. Niliuacha hapo hapo gotini.

Nikasema, "Mkitaka kumtenga mwenye kaluvu, bado hamjamfikia."

Mchungaji akasema, "Mzee Ndeti, nadhani umechoka."

Nikasema, "Nimechoka, ndiyo. Lakini kaluvu ni yangu."

Susu alikuwa mlangoni na thamosi ya chai ya wazee. Aliiweka chini. Sijaona mtu akiweka kitu chini polepole hivyo.

Basi mimi si mzee wa kanisa tena. Nilipokwenda dukani Jumatatu, vijana hawakuficha chupa. Mmoja aliniuliza kama imebaki.

Kuhusu kofia: Mutindi ana macho mazuri. Siongezi neno.

Abdulkadir alinibeba mpaka Kitui kwa Salama. Njia nzima alinihesabia mema yangu, mpaka nikaogopa zaidi, maana hivyo ndivyo tunavyofanya matangani. Salama alinipeleka nikaandikishe maelezo yangu. Alinieleza pia yatakayonipata siku ya kesi. Alieleza vizuri mno. Wataniweka ndani siku hiyo hiyo, na nitashtakiwa yote mawili, ya leseni na ya mtoto. Nikamuuliza kama umri wa miaka sabini na nne unasaidia. Akasema husaidia kidogo wakati wa hukumu. Kabla ya hapo hausaidii.

Naogopa, Kimeu. Nilikuandikia kana kwamba uoga ni wa vijana. Naogopa hakimu, naogopa kwamba nitataka kujisaidia katikati ya kusema, naogopa ile ndoo usiyotaka kuiandika. Nimeamka mara nyingi nikiwa na sababu nzuri kabisa ya kutokuja.

Nitakuwa hapo Alhamisi. Ukiona nimesimama nje ya mlango wa korti na siingii, usiniite. Watu watageuka, na wakigeuka nitaondoka. Njoo tu unishike mkono.

Babu yako,
Ndeti


Kitui
24 Aprili 2025

Babu,

Nakusalimu kutoka upande huu wa ukuta. Nimekaa kwenye benchi nje ya kituo. Afande wa zamu amesema wageni ni kesho, lakini karatasi inaweza kuingia na chai. Chai ameleta Abdulkadir, na ina sukari vile unavyotaka, usijifanye huoni vizuri umwage.

Ulipomaliza kumwambia hakimu kwamba kaluvu ni yako, walikuteremsha kabla hujasikia mwisho, kwa hivyo nakuandikia. Mwendesha mashtaka alisimama akasema anaondoa mashtaka yote mawili juu yangu. Hakimu akasema niko huru. Nilibaki nimesimama. Karani akasema, "Kijana, shuka, kuna wengine." Nikashuka nikakaa kwenye benchi la washtakiwa, ikabidi Salama anitoe.

Mutindi hakuitwa. Alikuwa kwenye korido na sare ya shule, amebana mikono kwapani. Nilipomwambia alilia sana, halafu akauliza kama wewe umekula.

Kesho asubuhi utasomewa mashtaka. Salama ataomba bondi. Hakuahidi kitu, ameniambia lile la mtoto ni zito na nisiwape watu matumaini ya bei rahisi. Shangazi ndiye atakayekudhamini. Sikumwomba. Amepanga foleni peke yake kuuliza karatasi zinazohitajika, na alipofika mbele akasema, "Ni ya baba yangu," kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie.

Mkono wako ulikuwa baridi sana pale mlangoni. Nilidhani mimi ndiye ninayekushika. Tulipofika ndani nikaona vidole vyangu vimekuwa vyeupe, na wewe ndiye uliyekuwa umenibana.

Bado naogopa, Babu. Nilifikiri wakiniachilia hofu itaisha. Imehamia kwako tu.

Susu yuko hapa karibu nami. Amefika saa tisa na basi la Mwingi. Amenituma nikwambie mambo mawili: kwamba hajakusamehe, na kwamba hilo blanketi ulilopewa ulikunje mara mbili upande wa goti, sakafu ya huko ni ya simenti.

Kimeu